Mkeka Umetoka, Nani Anausoma?

Siku Baraza la Mitihani (NECTA) linapotoa matokeo, Kikuyu haihitaji redio. Kata hizi mbili za Dodoma, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, zimejaa wanafunzi na watu wanaoishi kwa wanafunzi: wapangishaji wa vyumba, mama lishe, wenye steshenari. Habari inapita kwenye simu. Tovuti ya NECTA inakwama kwa sababu nchi nzima imeivamia, kisha inafunguka, na mkeka wa matokeo unaanza kuchapwa. Mzazi anatafuta mstari mmoja tu, wa mwanawe. Mwalimu wa taaluma anakimbilia wastani wa shule. Afisa elimu kata anaangalia ni shule ipi atakayotakiwa kuitolea maelezo kikaoni.

Kwenye tovuti hiyohiyo kuna nyaraka ambazo hazijawahi kukwamisha mtandao wa mtu. Ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Baraza huziandaa kila mwaka, somo kwa somo, na zile za darasa la saba zimeandikwa kwa Kiswahili. Humo kila swali linachambuliwa peke yake: ni asilimia ngapi walilipata, ni jibu gani la uongo lililowavuta wengi, na kwa nini lilionekana la kweli. Wanabandika hata picha ya jibu la mtoto aliyekosa, kwa mwandiko wake, pembeni wakieleza alichokuwa anafikiri. Mwalimu wa Hisabati anayetaka kujua watoto wanapotelea wapi kwenye sehemu au kwenye eneo la pembetatu hana haja ya kuagiza utafiti Ulaya. Upo tayari, bure.

Kwa hiyo nchi hii haina njaa ya takwimu za ujifunzaji. Tunapima darasa la pili, la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita. Juu ya hapo kuna moko ya wilaya, moko ya mkoa na majaribio ya kila mwezi. Nitakalosema hapa ni kwamba alama hizi zimewahi kuibadili sera ya elimu, tena kwa faida kubwa, pale zilipoulizwa mtoto anajua nini. Zilipoulizwa nani wa kwanza na nani wa mwisho, zilituletea balaa, na mfano wa balaa hilo hauko mbali na Kikuyu.

Uko Chemba. Ukitoka Dodoma kwa barabara kuu ya kwenda Kondoa, unaingia katika wilaya hiyo iliyomegwa kutoka Kondoa. Oktoba 2018, Katibu Mtendaji wa NECTA wa wakati huo, Dk. Charles Msonde, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba, pamoja na baadhi ya shule za maeneo mengine, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza. Mtihani ulikuwa umevuja. Watoto wa Chemba wakarudi madarasani kuufanya upya mwezi huohuo.

Tumezoea kusikia wizi wa mtihani kama kisa cha kijana aliyeficha karatasi kwenye soksi. Huu ulikuwa wa watu wazima. Halmashauri nzima haifutiwi matokeo kwa ujanja wa mtoto wa miaka 13. Tena mtoto huyo, anayetembea kilometa kadhaa kwenda shule na kurudi kwenye ugali wa uwele na mlenda, wastani wa halmashauri haumhusu hata kidogo. Unamhusu mwalimu mkuu anayeweza kuvuliwa cheo. Unamhusu ofisa anayesimamishwa mbele ya kikao cha mkoa na kuulizwa kwa nini wilaya yake iko mkiani. Aliyevujisha alikosea na sheria ipo kwa ajili yake. Lakini tukiishia kwake tutakuwa hatujauliza ni nani aliyeifanya namba hiyo kuwa na thamani ya kuibiwa.

Jibu lake linaanzia 2013. Mwaka huo serikali ilizindua Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioazimwa kutoka Malaysia, na elimu ikawa miongoni mwa sekta sita za kwanza. Ndani ya mpango huo shule zote za msingi na sekondari zilianza kupangwa hadharani kwa ufaulu, kitaifa na kiwilaya, na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Nia ilikuwa njema. Mzazi ajue, mwalimu aone aibu, shule iamke.

Je, shule ziliamka? Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichukua matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2011 hadi 2016 wakalinganisha shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao na zilizokuwa katikati. Kazi yao, iliyochapishwa 2021, inawapa haki waliobuni mpango: shule zilizokuwa katika mafungu mawili ya mwisho kati ya kumi kwenye wilaya zao zilipandisha ufaulu. Kupangwa kwa wilaya kulikuwa na nguvu kwa sababu mwalimu mkuu hajali sana kuwa wa 9,000 kitaifa, ila anaumia kuwa wa mwisho mbele ya wenzake anaokutana nao kwenye vikao.

Halafu inakuja nusu ya pili ya matokeo yao. Shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani. Mtoto aliyeonekana atashusha wastani hakuingia chumba cha mtihani. Ukiwa na watahiniwa 40 na ukawaondoa wale dhaifu wachache, wastani wako unapanda bila mtu yeyote kujifunza chochote. Na mtoto wa darasa la saba aliyekatishwa tamaa mwezi wa sita mara nyingi harudi mwakani. Anakwenda kuchunga, anakwenda kwenye kazi za ndani mjini, anaolewa. Kwenye mkeka anaacha nafasi isiyoonekana, na shule inapongezwa.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza chini ya Kaimu Katibu Mtendaji Athumani Amasi liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Baadhi ya wenye shule binafsi walinung'unika, maana kumi bora ilikuwa tangazo la bure. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa haukumaliza kazi. Ushindani ulihama kutoka ukumbi wa waandishi wa habari ukaingia kwenye vikao vya tathmini na makundi ya WhatsApp, ambako halmashauri zinaendelea kushindanishwa kama timu za ligi.

Kabla ya hapo Dodoma ilishuhudia kisa kingine, kikubwa zaidi, na hiki kilichezwa bungeni. Februari 18, 2013, Waziri wa Elimu Dk. Shukuru Kawambwa alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani sita kati ya kumi, walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei 3, 2013, Waziri wa Nchi William Lukuvi alisimama bungeni na kutangaza kwamba serikali imefuta matokeo yale na kwamba alama zitapangwa upya, kwa maelezo kuwa Baraza lilikuwa limebadili utaratibu wa kupanga madaraja. Mwisho wa mwezi yakatoka mapya: ufaulu ulipanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08. Karatasi ni zilezile, majibu ni yaleyale.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Kama madaraja yalibadilishwa bila maandalizi, wanafunzi wale walistahili kutendewa haki. Lakini hata baada ya kupangwa upya, zaidi ya 210,000 walibaki na sifuri, na kilio kile kikubwa kikaishia kwenye mjadala wa madaraja. Oktoba mwaka huohuo ukatangazwa mpangilio mpya wa alama, pamoja na divisheni ya tano kuchukua mahali pa sifuri, jambo lililochekwa hadi likaachwa. Ukaja wastani wa pointi, GPA. Mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako, aliyewahi kuliongoza Baraza, akaturudisha kwenye divisheni. Ndani ya miaka minne rula ilibadilishwa mara kadhaa, na leo mtu akikuambia ufaulu wa kidato cha nne umepanda tangu 2012, muulize kwanza anapima kwa rula ipi.

Darasa la saba lina tatizo la namna hiyohiyo, ingawa halikuwahi kutikisa Bunge. Ufaulu ulikuwa takriban asilimia 31 mwaka 2012. Mwaka 2019 ulifika asilimia 81.5. Hiyo ni furaha kubwa, kama ni kweli watoto wanajua mara mbili na nusu zaidi. Mtihani wenyewe hauwezi kutuambia. Ulizaliwa kwa kazi nyingine. Baraza liliundwa kwa sheria ya 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yaje Dodoma, miaka miwili baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtihani ulitungwa uchuje, ukachuja. Mtihani wa kuchuja unajali nani yuko mbele ya nani mwaka huu. Haujali kama darasa la saba la mwaka huu linajua kuliko la mwaka jana. Katikati ya yote, kuanzia 2012, majibu yakaanza kusahihishwa kwa kompyuta na Hisabati ikawa ya kuchagua herufi, kosa ambalo baadaye lilirekebishwa kwa kurudisha maswali ya kukokotoa. Mtoto anaweza kubahatisha herufi, na hata kabla ya kompyuta baadhi walipenya: mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuwa maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika.

Sasa upande wenye heri.

Mwaka 2007 muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima ubora wa elimu, SACMEQ, uliwapima watoto wa darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu. Tanzania Bara iliongoza kwa kusoma, mbele ya Shelisheli na Mauritius. Watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili, lugha wanayofundishiwa, na walifanya vizuri. Tulijipongeza. Miaka mitatu baadaye, Uwezo, mradi wa shirika la Twaweza ulioiga mfano wa India, ulituma watu wa kujitolea kugonga hodi majumbani. Mtoto alipewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, akaambiwa asome. Wa darasa la tatu walioweza kuisoma kwa Kiswahili walikuwa kama 3 kati ya 10.

Bingwa wa ukanda mzima, na saba kati ya kumi hawasomi. Maofisa wengi walikasirika na kusema mmoja wa wapimaji hawa ni mwongo. Nadhani wote wawili walikuwa wakweli. Yule alipima walioweza kuvuka hadi darasa la sita na kukutwa shuleni siku ya mtihani. Huyu aliwafuata watoto nyumbani, wakiwamo walioacha na wasiohudhuria, na akawapima mapema. Ukiziweka taarifa mbili pamoja unapata picha kamili: watoto wetu hujifunza kusoma, ila wanachelewa mno, na wengi wanaachwa njiani kabla hawajafika.

Serikali nayo ikafanya kilicho bora kuliko kubishana: ikakubali kupimwa. Mwaka 2013 upimaji wa stadi za awali ulifanyika kwa watoto wa darasa la pili katika sampuli ya shule nchini, kila mtoto akikaa na mpimaji wake ana kwa ana. Asilimia 8 tu ndio waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Hakuna shule iliyotajwa, hakuna mwalimu mkuu aliyesimamishwa, kwa sababu sampuli haiwezi kumwaibisha mtu. Lakini namba ile ilibadili mtaala wa taifa. Mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yaliondolewa rundo la masomo yakabaki na KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Vitabu vikaandikwa upya, walimu wa madarasa hayo wakafunzwa upya. Ni moja ya mara chache ambazo naweza kuonyesha kwa kidole takwimu ikiingia upande huu na sera ikitokea upande wa pili.

Dodoma ilipata faida ya ziada. Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mikoa saba ya mwanzo ya mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014. Upimaji wa mwanzo wa mradi ulionyesha jambo ambalo mwalimu yeyote wa Mvumi au Mpwapwa angelikuambia bila mradi: watoto wengi wanafika darasa la kwanza wakizungumza lugha ya nyumbani, na Kiswahili kwao ni kigeni. Mtoto wa Kikuyu mjini anakipata Kiswahili barabarani. Mtoto wa kijijini anatoka nyumbani na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, anakutana na mwalimu anayemwambia asome herufi za maneno asiyoyajua maana. Yakaanzishwa mafunzo mafupi ya utayari wa kuanza shule, wananchi wa kijiji wenyewe wakiwafundisha watoto kwa hadithi na michezo. Dawa ililingana na ugonjwa kwa sababu kipimo kilikuwa kimeuliza swali sahihi.

Ninaingiza hapa jambo moja la pembeni, kwa kuwa tumelisahau upesi. Septemba 2018, mwezi uleule watoto wa Chemba walipoketi kwenye mtihani uliovuja, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya iwe kosa kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi. Marekebisho hayo yalilegezwa Juni 2019 baada ya malalamiko ndani na nje ya nchi. Jiulize: kama kifungu kile kingekuwapo 2010, nani angegonga hodi na hadithi ya darasa la pili? Na bila hodi ile, nani angepima 2013?

Fedha nayo imepimwa. Kati ya 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10, Twaweza na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan walijaribu njia tatu chini ya jina la KiuFunza. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vyote pamoja vilileta mabadiliko makubwa kuliko jumla ya kila kimoja. Bonasi ile ilihesabu mtoto mmojammoja, kwa hiyo mwalimu hakuwa na faida ya kumficha mtoto dhaifu. Kumficha kulikuwa kumpoteza mteja. Linganisha na wastani wa shule.

Jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, nalo ni nchi kavu ya wafugaji na wakulima maskini, na watu wa Dodoma wangejisikia nyumbani huko. Lilitoa zawadi kwa shule zilizofanya vizuri kwenye upimaji wa kusoma, lakini kwa sharti: fungu la mwisho la zawadi linatolewa baada ya shule bora kuisaidia shule dhaifu iliyopangiwa nayo na matokeo ya shule hiyo kuonekana. Sisi tuliipa shule ya kwanza kamera za televisheni na ya mwisho tukaipa rangi nyekundu.

Nimeiacha Hisabati makusudi hadi hapa, kwa sababu inaturudisha Kikuyu.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2023 yalikuwa na ufaulu wa jumla wa asilimia 89.36. Kwenye Hisabati ufaulu ulikuwa asilimia 25.42, na tulishangilia maana mwaka uliotangulia ulikuwa asilimia 20.08. Kufaulu ni kupata D, na D inaanzia alama 30. Maana yake watahiniwa watatu kati ya wanne, baada ya miaka 11 ya kufundishwa Hisabati kila wiki, hawakufikisha alama 30 kati ya 100. Sentensi hiyo ingetosha kusimamisha shughuli za serikali siku nzima. Haikusimamisha kitu, kwa sababu imezoeleka.

Sababu zake tunazijua? Taarifa za uchambuzi zimekuwa zikizitaja mwaka baada ya mwaka, kwa maneno yanayokaribia kufanana: watahiniwa hawakuelewa matakwa ya swali, maarifa ya mada yalikuwa haba, umahiri wa Kiingereza ulikuwa mdogo. La kwanza na la tatu ni ndugu. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Desemba anafunga shule ya msingi, Januari anafungua kitabu cha Biolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza cha mtu aliyekwishajua Biolojia. Anakariri. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kwa siri kidogo, kisha mtihani unakuja kwa Kiingereza.

Panapokaa leo Chuo Kikuu cha St John's cha Tanzania, hapa Kikuyu, ndipo ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, iliyobeba jina la mtemi wa Wagogo. Chuo kilianza 2007. Wahadhiri wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Taasisi ya Elimu Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol, walishiriki mradi uliofanya jambo jepesi na la busara. Waliwapima watoto wa kidato cha kwanza kuona wanaweza kusoma nini hasa kwa Kiingereza, kisha wakaandika kurasa za Hisabati, Biolojia na Kiingereza kwa kipimo hicho: sentensi fupi, michoro mingi, maneno magumu yameelezwa kwa Kiswahili pembeni, na mazoezi yanayoruhusu mtoto kufikiri kwa Kiswahili kabla hajaandika kwa Kiingereza. Hawakungoja vita vya lugha ya kufundishia viishe, vita ambavyo vimekuwapo tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Walichukua kipimo wakakigeuza kuwa ukurasa wa kitabu. Ningependa kuona kila kitabu cha kidato cha kwanza kinapita kwenye mtihani huo kabla hakijachapwa: wakalishwe watoto 30 wa shule ya kata, wakisome, tuone wameelewa nini.

Tunayo nafasi ambayo haitokei mara mbili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua hapa Dodoma Februari 1, 2025, inafanya elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule darasa la saba la mwisho litakapomaliza. Januari 2028 mikupuo yote miwili itaingia kidato cha kwanza. Kila mtoto akiwa na haki ya kuendelea, mtihani wa kuchuja unakosa cha kuchuja. Kinachobaki ni upimaji, na upimaji unaweza kutungwa upya kutoka msingi.

Upimaji huo uwe na maswali kadhaa yanayorudiwa kimyakimya kila mwaka, ili hatimaye tujue kama tunapanda au tunashuka. Idadi ya watoto waliosajiliwa tangu darasa la kwanza iwekwe kando ya idadi ya waliopimwa, shule kwa shule. NECTA tayari inampa kila mwanafunzi namba yake kwenye mfumo wa PReM, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kutoweka bila kuonekana. Na taarifa ya uchambuzi ifike mikononi mwa mwalimu wa somo ikiwa imechapwa, apewe siku nzima na wenzake wa kata kuisoma, siku ambayo haitahesabiwa kama uzembe. Shule nyingi za vijijini Dodoma hazina umeme wa uhakika, achilia mbali intaneti. Kuweka waraka mtandaoni si kuufikisha.

Wizara ya Elimu na TAMISEMI ziko hapo Mtumba, mwendo mfupi wa gari kutoka Kikuyu. Zitangaze mapema matokeo ya darasa la sita yatatumika kufanya nini, na zitamke wazi kwamba hayatatumika kupanga shule wala halmashauri. Zikinyamaza, vikao vya tathmini vitajipangia vyenyewe, kama vilivyozoea.

Nawe mzazi unayesoma haya, kama una mtoto darasa la tatu, tafuta kitabu cha hadithi cha darasa la pili, mketishe, asome kwa sauti, kisha muulize hadithi ilihusu nini. Akishindwa, usisubiri upimaji wa darasa la nne. Nenda kamwone mwalimu wake wiki hii.